Kilio cha Mkulima na Madai ya Mkandarasi: Lugha ya Kuwatetea Wadai wa Serikali katika Bunge la Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanachunguza lugha ambayo wabunge wa Tanzania huitumia wanapowatetea wadai wawili wa Serikali: mkulima aliyeuza mazao na hajalipwa, na mkandarasi aliyejenga barabara na hajalipwa. Wote wawili wanaidai Serikali au taasisi zake, na wote wawili wana karatasi za kuthibitisha. Hata hivyo, bungeni deni la mmoja hutajwa kwa lugha ya huzuni na la mwingine kwa lugha ya hesabu, na yote mawili hupewa jibu ambalo kisarufi halina mtenda. Hoja yetu ni kwamba umbo la swali linachangia umbo la jibu, na kwamba jambo hili linawahusu pia wanaojiandaa kukitumia Kiswahili katika mabunge ya nchi jirani, hususan Uganda.

1. Wadai wawili, barabara moja

Kuanzia Aprili hadi Juni kila mwaka, Bunge la Tanzania hukaa Dodoma kujadili bajeti, wizara moja baada ya nyingine. Anayesoma kumbukumbu rasmi za vikao hivyo hapiti kurasa nyingi kabla ya kukutana na mbunge wa jimbo la vijijini anayezungumzia mambo mawili kwa pumzi moja: mazao ya wapiga kura wake, na barabara ya kuyatolea shambani. Kwa mpangilio wa Serikali mambo haya ni ya wizara tofauti. Mazao yako Kilimo. Barabara kuu na za mikoa ziko Ujenzi. Barabara za wilaya ziko TAMISEMI. Mbunge hulazimika kumkata mpiga kura wake vipande vitatu na kuvitaja kwa siku tatu tofauti.

Huko jimboni hakuna mgawanyo wa namna hiyo. TANROADS, iliyoanza kazi mwaka 2000, inasimamia takriban kilomita 36,000 za barabara kuu na za mikoa. TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, inasimamia mtandao wa zaidi ya kilomita 144,000 za mijini na vijijini, sehemu kubwa yake ikiwa ya udongo. Fedha za matengenezo hutoka hasa katika tozo ya mafuta inayoingia Mfuko wa Barabara, na kwa miaka mingi mgawo wa barabara za wilaya ulikuwa asilimia 30 tu, jambo lililolalamikiwa na wabunge wa pande zote za ukumbi. Katika bajeti ya 2021/2022 tozo iliongezwa kwa shilingi 100 kwa lita ili barabara za TARURA zipate nyongeza. Huo ni mmoja wa mifano iliyo wazi ya malalamiko ya miaka mingi yaliyoishia katika sheria.

Mkandarasi asipolipwa, greda huondoka. Tuta lililokwisha kufunguliwa hubaki wazi, makalavati hubaki yamelazwa kando ya njia, na mvua ya kwanza hukata barabara ambayo kabla ya mradi ilikuwa inapitika kwa shida lakini inapitika. Mkulima aliyeko upande wa pili huuza kwa mnunuzi yeyote atakayethubutu kufika, na kwa vipimo vya mnunuzi huyo. Lumbesa, ambayo wabunge huilaani kila msimu, haitokani na ulafi wa wafanyabiashara peke yake. Penye usafiri na ushuru unaotozwa kwa gunia, kila anayesafirisha ana sababu ya kulijaza gunia hadi liote kilemba. Kwa hiyo deni la mkandarasi humfikia mkulima kwa njia ya bei, hata kama mkulima huyo hajawahi kumwona mkandarasi mwenyewe.

2. Karatasi ya mmoja na karatasi ya mwingine

Ni vyema kuanza na jinsi kila mmoja anavyogeuka kuwa mdai, kwa sababu tofauti ya lugha haielezeki bila hatua hizo.

Mkandarasi hufanya sehemu ya kazi. Mhandisi msimamizi huipima na kuidhinisha hati ya malipo. Hati huwasilishwa kwa mwajiri, ambaye kwa barabara kubwa ni TANROADS. Kuanzia hapo siku zinahesabiwa. Katika masharti ya FIDIC ya mwaka 1999, ambayo yametumika katika mikataba mingi mikubwa ya ujenzi, mwajiri ana siku 56 tangu mhandisi apokee taarifa ya kazi na nyaraka zake. Siku zikipita, deni huanza kuzaa riba, na mkandarasi, baada ya kutoa notisi, anaweza kupunguza kasi au kusimamisha kazi. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimerudia kuonyesha kwamba riba za ucheleweshaji huongeza gharama za barabara. Yaani mwananchi hulipia barabara, kisha hulipia kuchelewa kulipia barabara.

Haki hizi zote zimeandikwa kwa Kiingereza. Bunge linajadili kwa Kiswahili, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria nchini Tanzania, lakini mkataba wa barabara bado ni kitabu kinene cha Kiingereza kinachosomwa na wahandisi na wanasheria. Mbunge anayetaka kumtetea mkandarasi mzawa wa mkoani kwake husema “hati”, husema “setifiketi”, husema “madai yake”, bila istilahi moja iliyotulia.

Mkulima naye ana karatasi yake. Chini ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, mkulima wa korosho wa Mtwara au Lindi hupeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi cha ushirika, AMCOS. Mzigo hupimwa, hupelekwa ghalani, huuzwa kwa mnada, na fedha hushuka kupitia chama na benki zikiwa zimepungua kwa makato. Stakabadhi ni ushahidi wa mali iliyokwisha kutoka mkononi. Hali kadhalika aliyeuzia mahindi Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ana risiti ya kilo alizopimiwa. Tofauti ni kwamba karatasi ya mkulima haina saa ndani yake. Siku ya hamsini na saba haimpi riba wala haimruhusu kusimamisha chochote. Hawezi kurudi kuchukua korosho zake.

3. Kilio na madai

Mbunge anaposimama kumtetea mkulima, neno linalomjia mdomoni ni kilio. “Kilio cha wakulima wa korosho”, “kilio cha wakulima wa mahindi”, “tumelia sana kuhusu mbolea”: miundo hii imezoeleka kiasi kwamba haisikiki tena kama sitiari. Kwa mkandarasi, neno ni madai: “madai ya makandarasi”, “makandarasi wanadai”, “hati zilizowasilishwa”.

Kilio ni nomino ya kitenzi -lia, na katika sehemu nyingi za uswahilini kilio ni msiba wenyewe; watu huenda kilioni. Anayefika kilioni husema pole, hukaa, na ikiwezekana huchangia. Hatarajiwi kurudisha kilichopotea, kwa kuwa si yeye aliyekichukua. Neno hili linapoingizwa bungeni, Serikali huwekwa katika nafasi ya jirani aliyekuja kufariji. Ndiyo maana waziri hujibu kwa utulivu kwamba Serikali ni sikivu na imekisikia kilio hicho. Kusikia ndilo jambo linalopaswa kufanyiwa kilio, na waziri amekwisha kulifanya. Mdaiwa amegeuka kuwa mfariji bila mtu yeyote kusema uongo.

Madai yana nguvu zaidi, lakini nayo yana udhaifu wake. Deni ni jambo lililopo hata likikanwa. Dai ni kauli ya mtu, na katika lugha ya vyombo vya habari vya leo “madai” yamesogea hadi kuwa tuhuma ambazo hazijathibitishwa: fulani amekanusha madai, polisi wanachunguza madai. Kwa hiyo mbunge anayesema “madai ya makandarasi” anasema vitu viwili kwa wakati mmoja, fedha wanazostahili na maneno wanayosema. Serikali ina uhuru wa kujibu upande inaoupenda, na mara nyingi huupenda wa pili, kwa neno moja: uhakiki.

Neno hili linahitaji kukaziwa macho. Lina shina moja la Kiarabu na haki na hakika. Kuhakiki deni ni kazi halali; Serikali isiyohakiki hulipa hewa. Lakini hati ya mkandarasi imekwisha kuhakikiwa na mhandisi, na mzigo wa mkulima umekwisha kupimwa kwenye mizani mbele ya karani wa chama. Tunapokuta “uhakiki unaendelea” baada ya hatua hizo, na bila tarehe ya kuisha, tunakutana na neno la ukoo wa haki linalofanya kazi ya kuiahirisha.

Kuna pia watu wasio na neno kabisa. Nyuma ya mkandarasi asiyelipwa wapo vibarua, muuza kokoto, mwenye lori la kukodi, na mama lishe aliyewakopesha chakula wafanyakazi wa kambi. Deni lao ni sehemu ya deni lile lile, lakini hawana hati, na nadra sana mbunge hupata dakika za kuwafikia. Katika kumbukumbu rasmi wamemezwa ndani ya neno mkandarasi, kana kwamba ni mtu mmoja mwenye magari mengi.

4. “Kadiri fedha zitakavyopatikana”

Jibu la kawaida kwa wadai wote wawili lina umbo ambalo kila msikilizaji wa redio analijua: Serikali itaendelea kulipa madeni hayo kadiri fedha zitakavyopatikana. Sentensi hii ina vipande vitatu, na kila kimoja kinafanya kazi.

“Itaendelea” hudokeza kwamba ulipaji umekwisha kuanza. Anayebisha itabidi kwanza abishe dokezo hilo, na muda wa swali la nyongeza hautoshi. “Kadiri” hufuta tarehe na kuweka kipimo badala yake. Kisha huja “zitakavyopatikana”. Kitenzi kiko katika kauli ya kutendeka, ile tunayowafundisha wanafunzi kwa mifano ya mlango kufungika na kikombe kuvunjika. Katika kauli ya kutendwa, “fedha zitakapotolewa”, mtenda anaweza kuulizwa: na nani? Katika kauli ya kutendeka swali hilo halina pa kushika. Fedha hupatikana kama mvua inyeshavyo. Mtoaji, ambaye ni Hazina, ametoka kwenye sentensi.

J. L. Austin, ambaye kitabu chake kuhusu matendo yanayofanywa kwa maneno kilitoka mwaka 1962, na John Searle aliyemfuata, walitufundisha kuuliza ahadi inahitaji nini ili iwe ahadi. Jibu fupi ni kwamba msemaji lazima ajifunge kufanya tendo fulani. Kauli tunayoijadili ina sura ya ahadi, lakini haiwezi kuvunjwa: siku yoyote ambayo malipo hayajafanyika, sharti lake pia halijatimia. Ahadi isiyoweza kuvunjwa ni taarifa ya nia njema tu. Hatusemi kwamba waziri anadanganya. Mara nyingi yeye mwenyewe hana fedha, anasubiri mgawo kutoka wizara nyingine, na anasema ukweli wa meza yake. Ila mdai hakuidai meza hiyo. Aliidai Serikali nzima.

Hapa msomaji makini atauliza kuhusu “naomba”, neno lililojaa katika hotuba za wabunge na ambalo baadhi ya wachambuzi hulichukua kama ushahidi wa unyonge wa Bunge. Tunadhani hukumu hiyo ni ya haraka. Naibu waziri naye huanza na “naomba kujibu swali”, na hakuna anayemwona mnyonge. “Naomba” inayofuatwa na kitenzi cha msemaji mwenyewe ni adabu ya ukumbi. Inayostahili kuchunguzwa ni ile inayofuatwa na tendo la Serikali: “naomba Serikali iwalipe wakulima hawa”. Katiba, katika Ibara ya 63, inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Kuomba hakumo.

5. Shilingi inayoshikwa na kurudishwa

Kwa nini basi mbunge aombe? Sababu moja iko katika Katiba hiyo hiyo. Ibara ya 99 inazuia Bunge kushughulikia mambo ya kuongeza kodi au matumizi isipokuwa kwa pendekezo la Rais linalowasilishwa na Waziri. Mbunge hawezi kuandika hoja kwamba shilingi kadhaa zitoke zikawalipe makandarasi wa mkoa wake. Na Bunge likiikataa bajeti yote, Ibara ya 90 inampa Rais mamlaka ya kulivunja. Kati ya kushindwa kuongeza na kuogopa kukataa, imebaki njia nyembamba, na Kiswahili cha Bunge kimeipa jina zuri: kushika shilingi. Wakati wa Kamati ya Matumizi, mbunge asiyeridhika hutoa hoja ya kuondoa shilingi moja katika mshahara wa Waziri. Hoja hujadiliwa, Waziri hueleza zaidi, na kwa kawaida mbunge hurudisha shilingi.

Thamani yake haiko kwenye shilingi. Iko katika dakika zile ambapo mwenye kuuliza ana kitu mkononi, na Waziri hana budi kuongeza neno juu ya maelezo yaliyoandikwa. Tukilinganisha, jibu la swali la kawaida hukaribia sana fomula ya sehemu iliyotangulia, ilhali katika mabishano ya shilingi ndimo huchomoza mara kwa mara mwezi, kiasi, au jina la barabara. Mtafiti wa lugha anayetaka kujua Serikali imejifunga kwa nini hasa aanzie hapo, si kwenye hotuba za asubuhi.

6. Korosho, 2018

Ipo mara ambayo wabunge waliacha lugha ya kilio, na mfano huo hauruhusu matumaini mepesi. Sheria ya wakati huo ilielekeza asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje irudi kuendeleza zao hilo. Katika mjadala wa bajeti wa Juni 2018, wabunge wa mikoa ya Kusini, wa chama tawala na wa upinzani, walidai fedha hizo kwa kutaja kifungu na asilimia. Hawakusema wakulima wanalia. Walisema sheria haijatekelezwa. Lugha ilikuwa ya mdai kamili. Serikali haikujibu kwa kadiri fedha zitakavyopatikana. Ilijibu kwa kubadili sheria: Sheria ya Fedha ya mwaka huo iliufanya ushuru wote uingie Mfuko Mkuu wa Hazina.

Miezi michache baadaye, wakulima walipogomea bei za wanunuzi, Rais John Magufuli aliagiza Novemba 2018 kwamba Serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi likapewa kazi ya kuisomba. Kwa agizo hilo Serikali, iliyokuwa mwamuzi kati ya mkulima na mnunuzi, ikawa mnunuzi mwenyewe, na malipo yalipoburuta hadi 2019, ikawa mdaiwa. Uhakiki ukafuata, kwa sababu ya hofu ya kangomba, wale wanaonunua korosho kwa bei ya chini kutoka kwa mkulima mwenye shida na kuziuza kama zao. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Lakini mkulima halali mwenye shamba kubwa alijikuta akithibitisha kwamba korosho zake ni zake, na katika Bunge la 2019 wabunge wa Kusini wakarejea kwenye kilio.

Tunalisoma tukio hili hivi: lugha ya haki haihakikishi haki, lakini huilazimisha Serikali kutenda hadharani. Kubadili sheria ni tendo lenye tarehe, kura na majina. Anayeathirika anajua ni nani wa kumuuliza. Kilio hakikuacha kumbukumbu ya aina hiyo.

7. Kwa mabunge ya jirani

Sisi wa Uganda tuna sababu ya kuyafuatilia haya kwa karibu. Katiba yetu, baada ya marekebisho ya 2005, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua za kukitekeleza. Bunge la Kampala bado linajadili kwa Kiingereza, lakini siku Kiswahili kitakapoingia, hakitaingia kitupu. Kitakuja na fomula zake kutoka Dodoma, kwa kuwa huko ndiko zilikokomaa, na wafasiri wetu watazikuta tayari kwenye kamusi zao za kazi. Malimbikizo ya madeni ya ndani ya Uganda ni ya matrilioni ya shilingi, na makandarasi wa barabara wamo. UNRA ilipofutwa kwa sheria ya 2024 na kazi zake kurudishwa wizarani, mdaiwa alibadilika jina.

Kenya, ambako Ibara ya 120 ya Katiba ya 2010 inakifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, husema mwanakandarasi mahali pa mkandarasi. Tofauti hiyo haina madhara na tunaweza kuiachia mazoea. Yenye uzito ni kwamba mwaka 2025 Serikali ya Kenya iliweka shilingi 7 za kila lita katika tozo ya barabara kuwa dhamana ya kupata fedha za kulipa malimbikizo ya makandarasi. Tunaweza kubishana kama ni busara kuyatumia mapato ya kesho kulipia kazi ya jana. Kisarufi, hata hivyo, chanzo kimetajwa. Fedha hazikuachwa zipatikane zenyewe.

Bunge la Uganda lina kamati inayofuatilia ahadi za Serikali. Kwa kamati hiyo, na kwa nyingine yoyote ya namna hiyo, tunapendekeza kipimo chepesi: kauli isiandikwe kwenye daftari la ahadi mpaka iwe na mtenda, kiasi na tarehe, au angalau mawili kati ya hayo. Na kwa mbunge anayeandaa swali, tofauti ni ndogo kwa maneno. “Je, ni lini Serikali itawalipa makandarasi na wakulima wa jimbo langu?” hujibika kwa fomula. Swali hili ni gumu zaidi kukwepeka: “Je, hadi tarehe 30 Juni Serikali ilikuwa na hati ngapi za malipo na stakabadhi ngapi za mazao zilizopitisha muda bila kulipwa, riba yake imefikia kiasi gani, na Hazina itazilipa kutoka kifungu kipi cha bajeti?” Ni refu, na Spika anaweza kutaka lifupishwe. Likifupishwa, kinachopaswa kubaki ni Hazina na kifungu.

Suala la istilahi ni la kwetu wanaisimu. Iwapo “domestic arrears” ya hotuba za Kampala itafasiriwa kuwa madai, tutakuwa tumerithi utata wote wa sehemu ya tatu. Malimbikizo peke yake hayatoshi pia. Kulimbika ni kungoja maji yajae kisimani au kuweka kidogo kidogo, na neno hilo halisemi ni nani aliyeyaacha yajae. Sisi tunapendelea deni: deni la Serikali kwa mkandarasi, deni la Serikali kwa mkulima, likitajwa na mwaka lilipoiva.